Kunde, mbaazi na karanga kwenye udongo uliochoka wa Dodoma: fanya hivi mpaka mtama wa mwakani uone faida

Msimu ukikaribia maswali ni yaleyale. "Nimepanda kunde miaka na miaka mbona mtama wangu bado wa njano?" "Nasikia mbaazi inaweka mbolea yenyewe, niache kununua urea?" "Nipande ipi, na nichanganye au nitenge?" Kumjibu mmoja mmoja inachosha, kwahiyo naandika yote hapa kwa ajili ya anayelima Dodoma na majirani zake, yaani Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Bahi, Chemba, Kondoa, hata Manyoni na Kiteto, sehemu ambazo mvua ni ya msimu mmoja, kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, inaanza Desemba (ukibahatika mwisho wa Novemba), Februari inakata unabaki unaangalia mbingu, halafu inamalizia Machi au Aprili. Ukiwa Mbeya au Bukoba soma tu, lakini vipimo vya kwenu ni vingine.

Nadharia ni kidogo sana na ukiielewa hii utaelewa na hatua zote. Hewa tunayovuta sehemu kubwa ni naitrojeni, kama asilimia 78, ila mmea hauwezi kuichukua ikiwa hewani. Mazao jamii ya mikunde (kunde, mbaazi, karanga na ndugu zao) yana bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi, mmea unawalisha sukari, wao wanaishika hiyo naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Sawa. Sasa kitu ambacho watu hawaambiwi: hiyo naitrojeni anaitumia kwanza mmea wenyewe, na nyingi inaishia kwenye punje. Kunde zina protini karibu robo ya uzito wake, ukipiga hesabu gunia la kilo 100 lina naitrojeni kama kilo 4, ambayo ni sawa na kilo 8 na ushee za urea, ile mbolea ya naitrojeni ya dukani. Ukilipeleka gunia sokoni Kibaigwa umeuza na hiyo mbolea ndani yake, hakuna ubaya, ndo biashara. Kinachobaki kwa ajili ya shamba ni majani, mashina na mizizi. Na sisi huku majani na mashina tunampa nani? Ng'ombe na mbuzi. Basi hapo ndo jibu la yule mwenye mtama wa njano, shamba lake linapanda kunde kila mwaka na halibaki na kitu.

Kwahiyo mwongozo huu hauhusu kupanda peke yake, kupanda kila mtu anajua. Unahusu kuhakikisha vinundu vinafanya kazi na kwamba kilichotengenezwa kinabaki shambani.

Andaa hivi kabla mvua haijaanza

- Kipande cha shamba, anza na nusu heka au heka moja (hatua 70 kwa 70), usianze na shamba zima
- Mbegu yenye ubora, na lebo yake au unayemjua aliyekuuzia
- Mbolea ya fosfati, TSP au DAP, mfuko mmoja wa kilo 50 kwa heka, ukikosa hela hata nusu mfuko
- Samadi iliyooza, kama unayo
- Kamba yenye alama za vipimo na mambo (vijiti vya kuchomeka), kifuniko cha soda
- Jembe, au plau ya ng'ombe
- Ndoo ya maji, koleo na wembe, hivi ni vya kukagua mizizi, usicheke utaona kazi yake
- Makubaliano na wenye mifugo, hii weka namba moja kwenye kichwa chako hata kama nimeiandika mwisho

Mbolea ya ruzuku unaipata ukiwa umesajiliwa, kwahiyo nenda ofisi ya kijiji mapema uhakikishe taarifa zako zipo sawa, usisubiri mvua inyeshe ndo uanze kutafuta namba ya usajili.

Hatua ya 1: Lisome shamba lako

Tembea shamba lote ukiwa na kumbukumbu ya msimu uliopita. Wapi mtama ulikuwa mfupi na wa njano kuanzia majani ya chini? Hapo naitrojeni imeisha. Wapi kulikuwa na yale maua mazuri madogo ya zambarau au mekundu kwenye shina la mtama? Hicho ni kiduha, kinanyonya mizizi, na kinapenda sana udongo uliochoka. Sehemu zote mbili ndo za kuanzia. Na kwa kiduha mikunde ina faida moja kwetu, kunde na karanga zinazichokoza mbegu zake ziote halafu zinakosa mzizi wa nafaka wa kunyonya, zinakufa. Haziishi zote kwa msimu mmoja lakini zinapungua.

Cheki na aina ya udongo. Kichanga chekundu au cha kijivu, mbuga nyeusi, au ule mwekundu mgumu. Mbuga inayotuama maji usipeleke karanga wala mbaazi, vinundu vinahitaji hewa, udongo ukijaa maji vinakufa.

Halafu tenga mstari mmoja, hata mita 5 upana, ambao utapanda mtama mtupu kama kawaida. Huo ndo shahidi wako. Watu wengi hawafanyi hii, mwakani wanakuja kuuliza imesaidia au haijasaidia, mimi nitajuaje?

Hatua ya 2: Chagua zao, sio yote yanafaa

Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanakosea.

*Kunde.* Ukiwa mgeni anza na hii. Inavumilia ukame, siku 60 mpaka 90 imeiva kutegemea na aina, majani unapika mboga, na bakteria wake wapo tayari kwenye udongo wetu. Aina zinazotambaa zinatoa majani mengi na kufunika udongo, zinazosimama zinatoa punje zaidi. Kama lengo ni shamba, chagua inayotambaa.

*Choroko.* Ya haraka kama kunde, bei yake mara nyingi nzuri, ila majani ni machache kwahiyo mchango wake kwenye udongo mdogo. Ni zao la hela kwanza.

*Karanga.* Vinundu vingi, vizuri. Tatizo lipo kwenye kuvuna, unang'oa mmea mzima na mizizi yake, unaubeba nyumbani kwenda kupukuchua, na shamba linabaki tupu. Ukilima karanga lazima mabua yarudi. Na jingine ni udongo, kichanga ndo chake. Mnakumbuka historia ya Kongwa, Waingereza walikuja 1947 na matrekta na mradi mkubwa wa karanga, 1951 wakafunga, na mojawapo ya yaliyowashinda ni ule udongo mwekundu ambao jua likipiga unakuwa kama zege, karanga haitoki. Ukame nao ukamalizia. Udongo bado ni uleule, kwahiyo usipande karanga pale ambapo jembe linaruka Aprili. Aina ya Pendo inakomaa mapema, inatufaa.

*Njugu mawe.* Watu wanaidharau lakini kwa kichanga kilichochoka kabisa na mvua ya kubahatisha, hii inatoa kitu wakati wenzake wamekata tamaa. Inachukua miezi 4 hadi 5. Angalizo la mabua ni lilelile la karanga.

*Mbaazi.* Kwa upande wa udongo peke yake mimi naiweka juu ya zote. Mizizi inakwenda chini sana inapasua hata ule mgandamizo wa plau, majani yanadondoka yenyewe shambani kabla hujavuna, kwahiyo hata ukibeba punje na kuni kuna kilichobaki tayari. Miezi miwili ya kwanza inakua polepole, haigombani na mahindi wala mtama. Utafiti wa mradi wa kilimo wa Africa RISING uliofanyika Kongwa na Kiteto, vijiji kama Mlali na Laikala, ulijikita sana kwenye kuchanganya mahindi na mbaazi, na Malawi wamekwenda mbali zaidi wanachanganya mbaazi na karanga kwenye shamba moja kisha mwaka unaofuata wanaweka mahindi. Ubaya wake ni miwili. Mosi, aina ya muda mrefu kama ile inayoitwa Mali inakaa shambani mpaka Agosti au Septemba, wakati mifugo imeshafunguliwa. Pili ni soko, nani kasahau 2017 India walipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ikaanguka watu wakachomea jikoni. Panda ile ambayo hata bei ikianguka utakula na shamba litafaidi, usikope hela kwa ajili yake.

*Maharage.* Hapana. Kwanza mvua yetu haiyatoshi, pili kwenye jamii yote hii ndo mvivu zaidi kutengeneza naitrojeni.

*Soya.* Ina bakteria wake maalum ambao mashamba mengi hayana, lazima uchanganye mbegu na vimelea vya dukani, yaani bakteria hao wanaouzwa kwenye pakiti. Kwa mvua ya Dodoma sikushauri, ila nimeeleza huko chini namna ya kuvitumia maana mtaniuliza tu.

Hatua ya 3: Jaribu mbegu kabla ya kuipanda

Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka kivulini, usiache kikauke. Baada ya siku 5 hadi 7 hesabu zilizoota. Zikifika 80 na kuendelea panda kawaida. Zikiwa 60 ongeza mbegu kwenye shimo. Chini ya hapo tafuta nyingine, hizo pika. Karanga zibangue karibu na kupanda, karanga iliyobanguliwa Septemba ikapandwa Desemba inaota kwa kusuasua.

Ukinunua dukani angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Pia kuna mbegu za daraja la kuazimiwa ubora ambazo wakulima wenzetu wanazalisha vijijini chini ya usimamizi, ni nafuu na zinafaa kabisa.

Kiasi kwa heka, ukipanda peke yake: kunde kilo 8 hadi 10, choroko kilo 6 hadi 8, karanga zilizobanguliwa kilo 30 hadi 40. Mbaazi ya kuchanganya kilo 2 mpaka 4 zinatosha.

Hatua ya 4: Andaa shamba lishike maji

Acha kuberega. Najua ni haraka, unakwaruza juu unapanda unaondoka, lakini mvua yetu ikija inakuja kwa hasira, inateleza juu inaondoka na udongo. Anayetaka kujua hiyo inaishia wapi aende Kondoa aangalie makorongo, serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 na 1979 ikaondoa mifugo yote eneo lile kwa sababu hiyohiyo.

Lima kukatiza mteremko. Ukiweza piga matuta na kila baada ya hatua mbili hivi ziba mfereji kwa udongo, maji yakae humo yazame. Februari mvua ikikata hiyo ndo tofauti ya kupata na kukosa. Na mmea ukinyauka kwa kiu vinundu ndo vya kwanza kusimama kazi, kwahiyo kushika maji ni sehemu ya kutengeneza mbolea.

Mabua makavu ya mtama usichome, na usiyafukie mengi ndani siku unapanda, yatandaze juu katikati ya mistari.

Hatua ya 5: Panda

Subiri mvua ya kulowesha udongo kina cha kiganja, sio ile ya kwanza ya kudanganya. Soma na hatua ya 6 kabla hujaanza, maana mbolea inatangulia mbegu. Halafu chagua mojawapo:

*Kutenga na kuzungusha.* Mwaka huu kunde au karanga, mwakani mtama, uwele au mahindi kwenye kipande hichohicho. Kunde sentimita 50 hadi 75 mstari kwa mstari na 20 shina kwa shina, karanga 50 kwa 10, choroko 50 kwa 10. Kina sentimita 3 hadi 5.

*Kuchanganya na mbaazi.* Mahindi au mtama sentimita 75 kwa 30, mbaazi unaiweka kila baada ya mistari miwili, kwahiyo mistari ya mbaazi inaachana mita moja na nusu, na shimo kwa shimo sentimita 50, punje 2 au 3. Ipande siku ileile na nafaka au ndani ya wiki moja. Ukichelewa mwezi mzima itafunikwa na haitaamka.

Kosa la kawaida: kumwaga mbegu za kunde ovyo katikati ya mtama halafu unaita umechanganya. Mtama ukikua unaziba mwanga, kunde isiyopata mwanga haina sukari ya kuwalisha bakteria, basi hakuna naitrojeni pale, una mboga tu.

Kwa wanaotumia vimelea (soya): mbegu ziwe kivulini, nyunyizia maji kidogo yenye sukari ili zinate, mwagia vimelea, geuza taratibu mpaka zote zipate, acha dakika chache zikauke kidogo, panda siku hiyohiyo na ufukie mara moja. Hao ni viumbe hai, pakiti ikifungwa nyuma ya pikipiki juani kutoka mjini mpaka kijijini unapanda unga tu. Na usichanganye na mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu. Cheki tarehe ya kuisha muda kabla hujalipa.

Hatua ya 6: Mbolea, ndiyo unaweka

"Si umesema inajitengenezea?" Inajitengenezea naitrojeni, haijitengenezei fosfati. Na bila fosfati vinundu havijengeki. Udongo wetu mwingi una upungufu wa zote mbili.

Weka TSP kwenye mfereji, kifuniko kimoja cha soda kwa kila hatua moja kubwa kama mistari ni ya sentimita 50, funika na udongo kidogo halafu ndo uweke mbegu, isigusane na mbolea. Ukipanda kwa mashimo ya 75 kwa 30 nusu kifuniko kinatosha. DAP inafaa pia, ina naitrojeni kidogo ya kuanzia na haidhuru kwa kiasi hicho. Mbolea ya Minjingu ni ya hapa nchini na ni fosfati, ila ile ya unga inayeyuka polepole na inapenda udongo wenye uchachu, kwahiyo msimu wa kwanza usitegemee muujiza.

Onyo: usiweke urea wala CAN (nayo ni mbolea ya naitrojeni) kwenye kunde, karanga au choroko. Mmea ukikuta naitrojeni ya bure haujisumbui kuwalisha bakteria, vinundu vinapungua. Umelipa hela kuwafukuza wafanyakazi wa bure. Kwenye mchanganyiko na mahindi weka mbolea ya kukuzia kwenye shimo la mahindi tu, ukaifukie.

Samadi ni nzuri hasa kwenye kichanga, iwe imeoza, debe moja litawanye kwenye mstari wa hatua kama 10. Samadi mbichi nyingi inafanya kazi ileile ya urea.

Hatua ya 7: Palizi

Ya kwanza wiki ya 2 hadi ya 3, ya pili kabla ya maua. Karanga na njugu zikishaanza kuzamisha vikonyo ardhini usipitishe jembe tena, ng'olea mkono. Basi, hii mnaijua.

Hatua ya 8: Kagua vinundu

Hii hatua karibu kila mtu anairuka na kwangu ndo kipimo chenyewe. Fanya mmea unapoanza maua, kama wiki ya 5 hadi ya 7 kwa kunde na karanga.

Chagua mashina kama 10 sehemu tofauti za shamba, mazuri na mabaya, sio ya pembeni ya njia. Usivute kwa mkono, vinundu vitabaki ardhini halafu utasema hakuna. Zungushia koleo kwa umbali wa kiganja, nyanyua na udongo wake, zamisha kwenye ndoo ya maji, tikisa taratibu mpaka udongo utoke. Mbaazi kuwa makini zaidi, vinundu vyake vinadondoka ukivigusa tu.

Sasa angalia. Kinundu cha kweli kimeshikilia pembeni ya mzizi, ukikibandua na ukucha kinatoka mzizi unabaki mzima. Ukiona uvimbe ambao ni mzizi wenyewe umenenepa na hautoki, hiyo ni minyoo fundo, ugonjwa, usishangilie.

Chukua wembe kata kinundu katikati:

- Ndani pinki au nyekundu kama damu: kinafanya kazi, ndicho tunachotaka
- Nyeupe: bado hakijakomaa, rudi baada ya wiki moja. Kama mmea una maua tayari na vyote bado vyeupe, bakteria waliopo ni wavivu au fosfati haitoshi
- Kijani, kijivu au kahawia: kimezeeka au kimekufa, kabla ya maua hiyo sio dalili nzuri, mara nyingi ni ukame au maji yalituama

Ukikuta vinundu vingi kwenye mzizi mkuu karibu na shina na vingi ni pinki, funga ndoo nenda nyumbani. Ukikuta vitatu vinne vidogo, soma sehemu ya matatizo huko chini. Piga picha na simu, mwakani utalinganisha.

Hatua ya 9: Wadudu

Kunde bila kuangalia wadudu utavuna maganda. Vidukari wanakuja mapema, wakiwa wachache ponda kwa mkono. Funza wa maua na vitumba ndo wanamaliza, kwahiyo kipindi cha maua pita shambani asubuhi kila baada ya siku mbili tatu. Dawa muulize afisa ugani ipi imesajiliwa kwa zao lako, soma kipimo kwenye chupa, na kama unachuma majani ya mboga usipulize kabisa kwenye mistari hiyo.

Hatua ya 10: Vuna, na mabua yabaki

Kunde na choroko chuma maganda, using'oe shina. Ukimaliza kata kwa panga au fyeka usawa wa ardhi, mizizi iozee humohumo, majani tandaza.

Karanga na njugu mawe huna namna zaidi ya kung'oa. Pukuchulia shambani kama inawezekana, ukibeba nyumbani basi gari la ng'ombe linalokwenda kuchukua mzigo wa pili lirudi na mabua ya kwanza. Karanga zikaushe vizuri juu ya turubai au kichanja, sio ardhini, na zilizooza au kuota ukungu tupa, usimpe kuku wala kusaga uji wa mtoto. Sumukuvu huku kwetu sio hadithi, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Mbaazi vuna maganda, majani yameshadondoka, mashina kata yawe kuni. Hizo kuni ni haki ya mama wa nyumba, udongo umeshapata chake.

Sasa mifugo. Kimila baada ya mavuno shamba ni la wote, ng'ombe wanaingia, na huwezi kubadilisha hiyo peke yako kwa kugombana. Zipo njia tatu zinazokubalika. Ya kwanza, chagua kipande karibu na nyumba ambako macho yako yapo. Ya pili, mjiunge majirani watano sita mashamba yakiwa pamoja, mwende kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kabla ya msimu, eneo litangazwe kwenye mkutano, maana sheria ndogo za kijiji zinaweza kulinda eneo ila sio shina moja moja la mbaazi. Ya tatu, kama ng'ombe lazima wale, kubaliana na mzee mwenye boma: yeye anachukua mabua, wewe unachukua samadi, magari kadhaa kabla ya Novemba. Mbolea nyingine inapotea njiani lakini sio sawa na kukosa vyote. Mpelekee debe la kunde siku ya mazungumzo, mambo yanakwenda vizuri zaidi kuliko barua.

Kunde za kuhifadhi zikauke mpaka ziwe ngumu kwa jino, weka kwenye mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, fukusi hawapati hewa.

Hatua ya 11: Msimu unaofuata

Hapo kwenye mikunde panda nafaka, mtama, uwele au mahindi, usipande alizeti kwanza ukaiachia faida. Panda mapema, majani laini yanaoza haraka mvua za kwanza na naitrojeni ikitoka bila mmea wa kuipokea inazama chini kwenye kichanga.

Urea usiiache ghafla. Weka nusu ya uliyozoea kwenye nusu ya kipande, na kawaida kwenye nusu nyingine, linganisha pia na ule mstari wako wa shahidi. Majani ya chini yakibaki kijani mpaka mtama unachanua, punguza tena mwaka mwingine. Mbolea ya kupandia yenye fosfati endelea nayo.

Matatizo yanayoulizwa sana

*Kunde zimekuwa njano wiki ya 2 au ya 3.* Akiba ya punje imeisha na vinundu havijaanza kazi. Subiri kama siku 10. Zisipobadilika, chimba uangalie mizizi.

*Hakuna vinundu kabisa au ni vichache.* Uliweka urea? Samadi mbichi nyingi? Fosfati hukuweka? Maji yalituama? Pita hizo kwanza. Kama zote hapana na shamba halijawahi kulimwa mikunde, panda tena zao hilohilo mwakani hapohapo, bakteria wanaongezeka wakipata mwenyeji.

*Majani mengi, maganda hakuna.* Naitrojeni imezidi, au kivuli, au funza walikula maua wewe hujui. Kwa udongo sio hasara, fyeka tandaza.

*Mbaazi inakauka shina moja moja, ukipasua shina ndani kuna rangi ya kahawia.* Mnyauko fusari. Ng'oa choma, usirudishe mbaazi hapo kwa misimu kadhaa, na tafuta aina zinazovumilia kama Mali.

*Mbaazi imerefuka mpaka Mei haina ua.* Ni aina ya muda mrefu, inasubiri siku ziwe fupi, haina ugonjwa. Ukitaka ya mapema tafuta ya muda mfupi au wa kati, Komboa au Tumia.

*Kuna mmea wa maua ya njano umejishika kwenye mizizi ya kunde.* Huyo ni ndugu wa kiduha, yeye anapenda kunde na njugu mawe. Ng'oa kabla hajatoa mbegu, na kipande hicho mwakani weka mtama au uwele.

*Nimefukia mabua ya mtama na kunde kwa pamoja, mahindi yamekuwa njano.* Mabua makavu yakioza yanaazima naitrojeni ya udongo kwa muda. Weka urea kidogo sasa hivi kwenye mashina, yatarudi. Mwakani mabua magumu yabaki juu ya ardhi.

*Mtama wangu haujabadilika baada ya mwaka mmoja.* Mabua yalikwenda wapi? Kama yalibaki na vinundu vilikuwa pinki, rudia mzunguko mara ya pili kabla hujahukumu, na peleka sampuli ya udongo ipimwe kupitia afisa ugani wa kata, inawezekana kinachokwamisha sio naitrojeni. Sampuli chukua sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, kausha kivulini, andika jina la shamba na zao la mwisho kwenye mfuko.